Nyumba Iliyotolewa Kwenye Mwano

Siku watu walipokuja kumlilia Kwandu mara ya kwanza, Kwandu mwenyewe alikuwa jikoni anasonga ugali.

Walikuja jioni, ng'ombe wakiingia zizini. Wanawake walikuwa wamejifunga kanga viunoni, na baadhi yao walishaanza kulia tangu njiani, maana pale Mwamapalala si heshima kuingia msibani na macho makavu. Wanaume walishika fimbo na mapanga, kwa kuwa kilio kinaweza kuwa cha msiba na kinaweza kuwa cha wezi wa ng'ombe, na huwezi kujua mpaka ufike. Walipofika wakamkuta bibi mzima, mwiko mkononi, macho mekundu kwa moshi wa samadi kavu aliyopikia maisha yake yote, akiwauliza kulikoni. Nyuma ya nyumba, karibu na zizi, mwanawe Shigela alikuwa amekalia kinu kilichopinduliwa. Alikuwa amefumba macho, anapuliza bomba jeusi lenye vitufe vyeupe, na kile kilio kilikuwa kinatoka humo.

Wengi walicheka. Tusiwasingizie watu, siku ile ya kwanza walicheka kweli, wakaomba waonyeshwe hilo bomba, wakaligusa kwa ncha za vidole. Mihayo, jirani ambaye boma lake na la Kwandu yametenganishwa na ua wa minyaa tu, alitikisa kichwa.

"Bhabha Shigela, umetukimbiza bure," alisema. "Mke wangu Lucy ameacha maziwa motoni."

Kwandu peke yake hakucheka. Alingoja mpaka wa mwisho wao alipopotelea nyuma ya minyaa, ndipo akamgeukia mwanawe.

"Ng'wanone, mwanangu, watu wamekuja kuzika, wamerudi mikono mitupu. Sijapenda."

"Ni muziki tu, mayu."

"Wao hawakuja kusikiliza muziki."

Shigela aliinama akafuta bomba lake. Alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, lakini mbele ya mama yake bado alikuwa na tabia ya kunyamaza pale alipoona anaonewa.

Bomba hilo, ambalo jina lake ni klarineti, alilipata enzi za chama cha ushirika. Vijana wa leo ukiwaambia wanaona unawatania, lakini chama kilikuwa na malori, maghala, timu ya mpira na bendi yenye sare. Msimu wa kuuza pamba bendi ilizunguka vijijini ikipiga muziki, na Shigela alikuwa mstari wa mbele, mashavu yamemvimba. Kisha likaja soko huria. Pamba ikawa ruksa kununuliwa na yeyote mwenye gari na mizani, chama kikafilisika, na bendi ikafa bila hata kutangaziwa msiba. Siku ya mwisho Shigela aliondoka na klarineti kwapani, wala hakuna aliyemwuliza, maana wale waliopaswa kuuliza nao walikuwa wanaondoka na viti.

Lilikaa juu ya dari miaka, limefungwa ndani ya gunia. Aliyesababisha lishushwe ni mzungu mmoja aliyeitwa Yoeli. Huyu alikuwa fundi kutoka Marekani, ameletwa na tajiri binafsi kufunga mashine za kuchambulia pamba nje kidogo ya mji wa Bariadi, na Shigela alikuwa kibarua pale. Siku moja wakati wa chakula cha mchana Yoeli alimsikia akipiga mluzi wimbo wa bendi ya zamani, wakaanza kuongea, na ikajulikana kwamba wote wawili ni wapiga klarineti. Kesho yake Yoeli alikuja na redio kaseti.

"Huu unaitwa klezma," alisema kwa Kiswahili chake cha kujifunzia Morogoro. "Ni muziki wa harusi wa Wayahudi wa Ulaya. Watu wangu."

Shigela hakuwahi kusikia kitu kama kile. Klarineti ilicheka na kulia kwa pumzi moja. Katikati ya sauti kulikuwa na kwikwi, ile ya mtu anayejaribu kumeza kilio kikamshinda, na kila ilipotokea nywele za mikono zilimsimama. Yoeli alimweleza kwamba wapigaji wengi wa muziki huo waliuawa wakati wa vita vya Hitla, na waliosalia wakaingia nchi za watu wakauacha, wakiona ni mambo ya kizee. Ni juzijuzi tu wajukuu walipoanza kufukua santuri za babu zao na kuwatafuta wazee wachache waliobaki, wakajifunza upya, mpaka kwikwi. Yoeli mwenyewe alikuwa mmoja wa wajukuu hao.

Wimbo uliomnasa Shigela ulikuwa wa kumliza bibi harusi. Kabla ya kufungishwa ndoa, alisema Yoeli, bibi harusi anakalishwa kitini, na wapigaji wanampigia mpaka alie, auage usichana wake. Shigela alimkumbuka palepale Jenipha, mdogo wa mke wake Justina, aliyekuwa anaolewa Bariadi baada ya mavuno. Wakwe zake walikuwa wanamwona kibarua tu siku hizi. Alitamani, na hapa hakuna haja ya kumtetea, alitamani sana wamwone tena akiwa mstari wa mbele.

"Babu yangu aliupiga huu," Yoeli alisema huku akiizima redio. "Mji wao ulikuwa mdogo, na majirani walikuwa watu wazuri. Siku askari walipokuja kuwachukua watu wa nyumba yake, walilia mchana kutwa. Baadaye majirani walisema walidhani kuna harusi, kwa kuwa nyumba ile ilikuwa na muziki siku zote."

"Kwetu haiwezekani," Shigela alisema. "Kwetu mtu akipiga mwano, ule ukelele wa kuomba msaada, kila mwenye miguu anatoka. Asiyetoka, walinzi wetu wa sungusungu wanamtoza ng'ombe."

Yoeli alichomoa kaseti kwenye redio.

"Basi mna bahati," alisema, akarudi kwenye mashine yake.

Hivyo ndivyo Shigela alivyofika juu ya kinu nyuma ya nyumba, na ndivyo wanawake wa Mwamapalala walivyojifunga kanga zao bure.

Haikupita wiki, Lucy mke wa Mihayo akashikwa na homa na kufariki. Ilikuwa homa ya kawaida ya msimu wa mvua, iliyoua na wengine. Lakini watu hawakuikumbuka homa. Walikumbuka kwamba kilio kilitangulia na msiba ukafuata, na kwamba kilio kile kilitoka kwa Kwandu, mwenye macho mekundu, na macho mekundu kwao ni alama ya mchawi.

Shigela aliyaona mwenyewe msibani. Mama yake alikaa mkekani, na mkeka ukapanuka pande zote mbili. Alimenya viazi pamoja na wenzake, vikapikwa kwenye sufuria yake, na sufuria ile ikawekwa kando mpaka ikapoa. Mbwa ndio waliokula. Kwandu aliondoka na sufuria yake kichwani, na Shigela akaona aibu, kisha akaona hasira, na hasira ikamfanya mkaidi. Kama angeacha kupiga sasa, alijiambia, ingekuwa amekubali kwamba kuna jambo.

Akaendelea. Jioni moja, alipokuwa ameipata kwikwi sawasawa kwa mara ya kwanza, filimbi za sungusungu zilijibu kutoka pande zote, na wanaume wakatokea mbio na pinde zao, wengine kutoka vitongoji vya mbali, jasho likiwatoka. Safari hii hakuna aliyecheka. Mtu mmoja alitema mate mlangoni mwa jiko.

Wakamwita barazani, kwenye uwanja wa ghala la zamani la ushirika. Maganga, mtemi wa sungusungu, alikuwa mtu wa maneno machache.

"Mwano si mchezo," alisema. "Mtu akituita, tunakuja kufa naye. Wewe unatuita tuje kufanya nini?"

Walimtoza mtamba mmoja, naye akakubali. Hapo angekaa kimya akaenda zake. Lakini Shigela alikuwa amekuja na dawa ya mambo yote, aliyoifikiria njia nzima, na aliona ni akili kubwa. Alitoa klarineti akawapigia kidogo, ili kila mmoja aisikie na kuitambua. Uwanja ulinyamaza, na hata Maganga aliangalia pembeni.

"Mmesikia," Shigela alisema. "Ni hii. Hakuna uchawi, hakuna msiba. Basi naomba baraza lipitishe kwamba kilio kikitoka kwangu si mwano. Msitoke. Mtapumzika nyinyi, na mama yangu atapumzika na maneno."

Wanaume walitazamana. Aliyesimama kumwunga mkono alikuwa Mihayo, ambaye tangu amzike mkewe alikuwa hasemi mbele za watu.

"Bhabha amesema vizuri," alisema. "Tukisikia kilio kwake, tujue ni filimbi. Tusikimbizane tena."

Maganga akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Hapakuwa na mwenye pingamizi. Shigela aliona machozi yakimlenga kwa jinsi Mihayo, katika majonzi yake, alivyomsimamia, akamfuata na kumshika mkono kwa mikono yote miwili. Mkono wa Mihayo ulikuwa mkavu na wa baridi.

Alirudi nyumbani moyo mweupe. Kwandu alikuwa anabangua karanga. Alimsikiliza mpaka mwisho, na vidole vyake vikasimama.

"Umenitoa kwenye mwano," alisema.

"Nimekutoa kwenye fitina, mayu."

"Na nikipatwa na jambo, nitamwitaje mtu?"

"Mimi nipo."

"Na usipokuwepo?"

"Mihayo si huyo hapo? Ukikohoa tu anakusikia."

Kwandu aliutazama ua wa minyaa. Kisha akarudi kwenye karanga zake, na hakulirudia jambo lile tena, ila kuanzia siku hiyo alikuwa akiingiza kuni ndani jua likiwa bado juu, na mlango wake aliuegemezea kinu. Justina alimwambia mumewe kwamba mama hali vizuri. Shigela akasema ni uzee.

Klarineti ililia sasa kila jioni, na hakuna aliyetoka. Mwanzoni hilo lilimfurahisha. Baadaye aliona kuna kitu kimebadilika ambacho hakuweza kukitaja. Wapita njia walikuwa wakizunguka mbali na boma lao. Waliokuwa wakija kuazima moto waliuazima kwingine. Asubuhi moja walimkuta mbwa wao amekufa kando ya minyaa, povu limemkauka mdomoni. Shigela alisema ni nyoka. Kwandu alimfukia mbwa mwenyewe, akasawazisha udongo kwa jembe, akaondoka.

"Acha kupiga hicho kitu, baba," alimwambia jioni ile. Alikuwa hajawahi kumwomba kitu kwa sauti ya namna ile.

"Harusi ikipita naacha, mayu. Imebaki kidogo tu."

Na alikuwa anasema kweli, angeacha.

Justina alitangulia Bariadi na watoto kusaidia maandalizi. Kutoka huko alituma salamu kwa mtu wa basi, kwamba kwao wameona ni vyema mama mkwe apumzike nyumbani, safari ni ndefu kwa miguu yake. Shigela aliielewa salamu ile. Maneno yalikuwa yamefika mpaka Bariadi. Hakumwambia mama yake, akasema tu kwamba lazima mtu abaki na ng'ombe, na Kwandu akaitikia kwamba ni kweli, lazima mtu abaki na ng'ombe.

Jumamosi asubuhi baiskeli ya Shigela ilionekana ina pancha, mpira umechanika. Alikuwa bado ameiinamia na jasho linamtoka pale Mihayo alipotokea nyuma ya minyaa anasukuma ya kwake, imejazwa upepo, mnyororo unang'aa kwa mafuta.

"Mwangaluka, bhabha."

"Mwangaluka."

"Chukua hii. Usimcheleweshe bibi harusi. Mtalala huko?"

"Tutalala. Nitarudi kesho."

"Vizuri," alisema Mihayo. "Mama tutamwangalia."

Alimsaidia hata kuifunga klarineti kwenye keria kwa ukanda wa mpira, akaukaza vizuri isije ikadondoka njiani. Kwandu alikuwa amesimama mlangoni. Shigela alipogeuka kumpungia aliona mama yake hamtazami yeye. Alikuwa anaitazama baiskeli.

Harusi ilifana. Mchana, kabla ya kwenda kanisani, Jenipha alikalishwa kwenye kiti katikati ya uwanja, na Shigela akapiga. Jenipha alianza kutabasamu kwa haya, kisha akainamisha kichwa, na mabega yakaanza kumtikisika. Mama yake akafuata, kisha shangazi zake, kisha uwanja mzima ukawa unalia bila kujua unamlilia nani. Wakwe walimtazama Shigela macho ya kumheshimu. Hicho ndicho alichokitaka, na sasa amekipata hakikumshibisha. Katikati ya wimbo baridi ilimshika mgongoni, akatamani kuacha, na pumzi ikawa inaendelea yenyewe. Bibi mmoja wa upande wa bwana harusi alisema kwa sauti kwamba kilio hiki ni cha maiti, kimeletwa harusini na nani?

Yoeli naye alikuwa amealikwa. Alisimama nyuma, kofia mkononi, hakupiga makofi. Jioni, jua likiwa limeelemea upande wa ziwa, alimfuata Shigela alipokaa na sahani yake ya pilau.

"Umepiga vizuri kuliko mimi," alisema. "Mama yako yuko wapi? Nilitaka nimwone."

"Amebaki nyumbani."

"Na nani?"

"Majirani wapo."

Palepale Shigela akaikumbuka hadithi ya mji ule, yote, neno kwa neno. Aliweka sahani chini. Aliinuka akatafuta baiskeli, lakini shemeji zake walimkamata kwa vicheko, wakasema mkwe haondoki kabla ngoma haijalala, wewe ndiye mwenye shughuli leo, wakamrudisha kitini. Angeweza kuwasukuma. Mara nyingi baadaye alifikiria kwamba angeweza kuwasukuma.

Aliondoka kulipopambazuka, akakanyaga pedali bila kupumzika mpaka miguu ikafa ganzi. Jua lilikuwa limeshapanda alipolifikia boma. Ng'ombe walikuwa bado zizini, hawajakamuliwa, wanalia. Jikoni hapakuwa na moshi. Aliiegemeza baiskeli kwenye minyaa, akaona mlango umelala chini, kinu kimeviringika mpaka uani.

Hakumkuta ndani. Alimkuta kwenye ua, upande wa kwa Mihayo. Walikuwa wametumia panga. Lakini alikuwa ametembea, au ametambaa, kutoka mlangoni mpaka pale, damu ilionyesha, na alikuwa ameusukuma mkono wake wa kuume katikati ya minyaa mpaka begani, utomvu mweupe umemkaukia ngozini. Vidole vyake vilikuwa vimetokeza upande wa pili, ndani ya boma la jirani.

Shigela alipiga mwano.

Aliupiga kwa koo lake mwenyewe, kama alivyofundishwa utotoni, mkono mdomoni, na sauti ikapasuka katikati na kutoa kwikwi. Akangoja. Kitongoji kizima kilikuwa macho. Aliona moshi wa majiko, alisikia mtu anapasua kuni, alisikia kinu kinatwanga kwa mbali na hakikukosa pigo hata moja. Akapiga tena. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita barabarani na ndoo alisita, akatazama upande wa nyumba, kisha akaendelea na safari yake. Shigela alipiga mpaka sauti ikamkauka na ikawa inatoka hewa tupu, na hapo ndipo alipoelewa kwamba hata yeye mwenyewe hayumo tena kwenye mwano.

Mihayo alikuja baadaye kabisa, taratibu, kwa kuzunguka njia ya mlango mkubwa. Nyuma yake walikuwepo wanaume wawili watatu, na Maganga. Walisimama mbali kidogo na maiti, wakavua kofia.

"Pole, bhabha," alisema Mihayo. "Tulisikia kilio jana jua likizama. Kililia sana. Tukasema, huyo Shigela, yuko kwenye filimbi yake."

Wengine waliitikia kwa vichwa. Maganga aliangalia chini. Lilikuwa neno la baraza, lilipitishwa bila pingamizi, na aliyeliomba alikuwa amepiga magoti pale mbele yao, damu ya mama yake mpaka viwikoni.

Shigela aliinua macho. Alitaka kusema, koo halikutoa kitu. Akanyoosha mkono tu, akaionyesha baiskeli.

Wote waligeuka wakaitazama. Ilikuwa imeegemea minyaa, ina vumbi la Bariadi mpaka kwenye usukani, na klarineti ilikuwa bado imefungwa kwenye keria kwa ule ukanda wa mpira. Aliyeifunga pale, jana asubuhi, alikuwa Mihayo mwenyewe. Mihayo alisogea, akaufungua ukanda bila haraka, akaitoa klarineti, akaiweka chini karibu na magoti ya Shigela kwa uangalifu, isiingie mchanga. Kisha akashika usukani, akaisukuma baiskeli yake kwenda nyumbani.